Mwashi Asiyejua Kukoma

Ko. Ko. Ko.

Sauti ilitangulia kabla ya kitu kingine chochote, kwa maana wasikilizaji wa matumbo hufundishwa kufumba macho wakiwa kazini. Ilikuwa sauti kavu, ya taratibu, yenye kujiamini, kama ya fundi anayegonga tofali kwa mpini wa mwiko ili likae sawa. Gaudensia Mligo alipoisikia alitabasamu, kwa kuwa hakuna sauti aliyoipenda kuliko hiyo. Kisha akakumbuka ni tumbo la nani lililokuwa mbele yake, na tabasamu likamfia mdomoni.

Akafumbua macho. Bibi Tulakela alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha zahanati ya Idunyula, nguo imepandishwa hadi mbavuni, na kile chombo cha duara kiitwacho sikio kimekaa juu ya kitovu chake kama kifuniko cha chungu. Mbavu zilihesabika. Mvua za mwaka uliopita bibi huyu alikuwa akipandisha mlima na gunia la viazi mgongoni, na ole wake kijana aliyejitia kumpokea.

Gaudensia akamuuliza kama aliwahi kupewa Mwashi, pale kwenye kituo cha utafiti cha Njombe au mahali popote.

"Mwashi wa nini? Nyumba yangu mimi ilikwisha jengwa zamani." Bibi akacheka, kicheko kikakata pumzi katikati. "Sijaumwa tumbo tangu nizaliwe, mwanangu. Hata sasa haliniumi. Nakula. Leo asubuhi nimekula viazi na maharage, na parachichi zima juu yake. Nakula kama mkwe aliyekaribishwa, nakonda kama mbwa asiye na bwana."

Gaudensia akarudisha sikio mahali pake, akaomba kimoyomoyo awe amesikia vibaya. Tumbo la mtu mzima lina kelele za sokoni: hunguruma, hububujika, hugomba. Tumbo hili lilikuwa kimya. Na ndani ya ukimya huo, ko, ko, ko, fundi asiyeitwa na mtu alikuwa akijenga.

*

Nje, barazani, Fotunata alikuwa akichagua maharage kwenye ungo huku akimsubiri bibi yake. Fotunata ndiye aliyeposwa na Wendelin, mdogo wake Gaudensia, na harusi ilikuwa ikingoja mvua ziishe. Alimsogezea wifi yake mkeka, akamuuliza bibi ana nini.

Gaudensia akaketi. Akachukua maharage, akayapanga juu ya ungo mstari mmoja, bega kwa bega.

Akamweleza kwamba utumbo wa mtu una ukuta, na ukuta huo, ingawa ndio unaotutenga na uchafu wote tunaoubeba tumboni, una unene wa punje moja tu. Punje ni seli. Kati ya seli na seli kuna gundi. Gundi hiyo ina kazi ngumu kuliko ya askari wa mpakani: iruhusu maji na chakula kwenda kwenye damu, izuie bakteria wasipite. Maagizo ya kuitengeneza yameandikwa kwenye jeni, nakala moja kutoka kwa baba, nyingine kutoka kwa mama. Katika ukoo wa akina Mligo kulikuwa na nakala iliyoandikwa vibaya. Gaudensia alirithi moja mbovu na moja nzima, akaishi. Wendelin alirithi mbovu zote mbili.

"Akawa hivi," akasema, akayatenganisha maharage kwa kidole, nyufa zikaonekana. "Bakteria wakapenya. Walinzi wa mwili wakaja kuwafukuza kwa moto, na moto ukaunguza nyumba yenyewe. Ndiyo vile vidonda. Ndiyo ile damu."

Fotunata alijua habari ya damu. Wendelin alikuwa amemsimulia kwa mzaha, kama alivyosimulia mambo yake yote machungu. Alikuwa na beti alizotunga akiwa kitandani, na mmoja Fotunata aliujua kwa moyo:

*Tumbo langu kama chungu, kimetoboka kitako,*
*Namimina damu yangu, inakwenda huko huko.*

Hayo yalikuwa kabla ya Mwashi. Mwashi alikuwa bakteria aliyefugwa kituoni, na Gaudensia alikuwa mmoja wa wafugaji wake. Alitengenezwa aingie utumboni, apapase ukuta, na pasipo na gundi aweke ya kwake. Kwa mtu kama Wendelin gundi hiyo ilichubuka kila siku, na kila siku Mwashi aliirudishia. Kazi haikuisha, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Kijana aliyekuwa akitambaa kwenda chooni aliinuka, akanenepa, akaposa.

"Na kwa mtu ambaye gundi yake ni nzima?" Fotunata akauliza.

Gaudensia akachukua maharage mengine, akayaweka juu ya ule mstari. Kisha mengine juu ya hayo. Aliendelea kuweka hadi mstari ukawa kichuguu kisicho na upenyo.

Fotunata akakiangalia kile kichuguu. Halafu akashusha mikono ya sweta lake, polepole, hadi ikafunika vifundo vya mikono. Lakini Gaudensia alikuwa amekwisha viona jinsi vilivyokonda.

*

Alimkuta Wendelin katika shamba la mianzi la baba mkwe wake, kisu mkononi, akiimba. Ukungu ulikuwa umeshuka, na juu yake mabawa ya mitambo ya upepo yalikata hewa bila kuonekana. Katika kijiji hiki kijana aliyeposa hutumikia mianzi ya wakweze msimu mzima wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Asubuhi na jioni hukata ncha ya chipukizi, utomvu ukadondoka ndani ya mbeta, yaani kile kipande cha mwanzi kinachofungwa pale pale kwenye shina. Mbeta haioshwi. Mashapo ya jana ndiyo yanayouchachua ulanzi wa leo, na mwenye kuiosha huitwa mharibifu. Kabla ya kumimina ulanzi kwenye dumu, mposaji huonja kila mbeta kwa mdomo wake, maana ni aibu kumpelekea mkwe kinywaji usichokijua ladha yake.

"Dada, umekuja kunikagua? Mwambie Daktari Kyando kwamba mgonjwa wake wa kwanza amekuwa mzee wa mianzi. Wananiita fundi."

Gaudensia akasogea penye shina. Alitoa sikio mfukoni, akalibandika kwenye mbeta iliyo karibu.

Ko. Ko. Ko.

Akaenda kwenye nyingine. Akaenda kwenye shina la mbali kabisa, karibu na kijito. Ko. Ko. Ko. Shamba zima lilikuwa likigonga.

Wendelin alikuwa ameacha kuimba. Alifungua mfuko wake wa kitambaa, akatoa bilauri ya kioo iliyofungwa kwa leso safi. Akasema kwamba tangu siku aliyopewa Mwashi hajachangia na mtu chombo cha kunywea, si harusini, si msibani. Watu walimcheka, wakasema anajifanya padre na kalisi yake, naye akavumilia.

"Na hii?" Gaudensia akagusa mbeta.

"Hiyo?" Wendelin akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Hiyo si kikombe, dada. Huo ni mwanzi."

Na kwa kweli hakuna mtu wa Idunyula ambaye angesema vinginevyo. Wataalamu wa kituoni, waliozoea kila mtu na glasi yake, walikataza vikombe, vijiko, miswaki na vyoo visivyofunikwa. Gaudensia, aliyezaliwa umbali wa kutupa jiwe kutoka shamba hili, alikuwa miongoni mwao wakati wa kupanga makatazo hayo, na mbeta haikumpitia akilini. Nani huikumbuka mbeta? Ni sehemu ya mti. Kijana aliinama, akaonja, akahamia mti wa pili na mdomo ule ule na kisu kile kile. Dumu likapelekwa kwa mkwe. Mkwe akaita majirani.

Wendelin alielewa polepole, kisha akaelewa kwa mara moja. Akaketi kwenye tope.

Gaudensia akageuka, akampa mgongo. Akaingiza sikio chini ya blauzi yake mwenyewe, akafumba macho. Na yeye alikuwa amekunywa ulanzi huu nyumbani kwa mkwe, akafurahi, akaomba aongezwe. Sauti ilikuwa ya taratibu kidogo, kama ya fundi anayeanza kazi asubuhi. Lakini ilikuwapo.

*

Daktari Kyando wa kituoni alitokea kwenye kioo cha mawasiliano cha zahanati akiwa amevaa koti lake jeupe, mzee mpole mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Alisikiliza kila kitu. Hakubisha, na kutobisha kwake ndiko kulikomtisha Gaudensia.

Alisema dawa za kawaida hazitafaa kitu. Mwashi alifanywa mkaidi kwa makusudi, ili mgonjwa asimpoteze kila anapomeza vidonge vya kikohozi. Walijivunia jambo hilo, walilipigia makofi. Kuacha kunywa ulanzi nako hakutosaidia, maana aliyekwisha ingia tumboni hatoki. Kilichobaki ni Mbomoaji. Hicho kilikuwa kirusi kilichofugwa kwenye baridi kali kituoni, nacho hula Mwashi na hakili kingine. Kikitiwa kwenye mianzi kitafuata njia ile ile aliyoifuata Mwashi: mbeta, dumu, mdomo, mkono, maji. Kabla ya mvua kwisha, kila tumbo la Idunyula litakuwa wazi tena.

"Na hakitakomea Idunyula," Gaudensia akasema.

Hakitakomea. Kitashuka na vijito, kitapanda magari na watu wa minada. Wagonjwa wa nyanda za juu, mamia yao, kila mmoja aliyeinuka kitandani kwa ajili ya Mwashi, watafikiwa mmoja baada ya mwingine. Wala hapatakuwa na Mwashi mwingine wa kuwapa, kwa kuwa udongo wenyewe utakuwa umejaa adui yake. Mtoto atakayezaliwa na nakala mbili mbovu, leo au enzi za wajukuu, atavuja hadi afe.

Mzee akarekebisha miwani. Akasema kituoni kipo chumba kimoja cha kioo, chenye hewa yake na maji yake. Mtu angeweza kuishi humo na Mwashi wake bila kuguswa. Mtu mmoja. Wendelin, kwa mfano.

"Na wewe, daktari, unasema tufanye nini?"

"Wewe ndiye wa huko, dada Gaudensia. Nani mimi niwaamulie watu mambo ya kwao? Chupa nitaituma. Ukiifungua, ukiiacha, mimi nitaheshimu."

Gaudensia akauona woga uliovaa joho la heshima, naye hakuwa na nguvu ya kuuvua. Kioo kikazimika. Chupa ikaja kesho yake na gari lisilo na dereva, ndani ya sanduku lenye kutoa moshi wa baridi, ndogo kama kidole gumba.

*

Bibi Tulakela alikufa akiwa ameshiba. Ndivyo walivyosema waliomwosha: tumbo lilikuwa limejaa chakula kisichokwenda popote, na mwili uliobaki haukumlemea hata mtoto.

Msibani Gaudensia aliomba nafasi, akasimama, akawaeleza watu kilichomuua na kilichokuwa kikiwala wao wenyewe. Walimsikiliza kwa adabu. Mama mmoja akalia. Kisha dumu likaletwa, kwa sababu mtu hazikwi kwa midomo mikavu, na mzee wa ukoo akampa mkono wa pole akisema, bila hasira yoyote, "Tumekwisha kunywa, mwanangu. Aliyelowa hakimbii mvua."

Wendelin hakuwapo. Tangu siku ile ya shambani alikuwa amepotea. Wengine walisema kakimbilia Mbeya. Mmoja alimwona juu ya mlima, karibu na mitambo, akitukana upepo. Gaudensia hakumtafuta. Chupa ilikuwa mfukoni mwake, na aliogopa kwamba akimwona uso hataifungua, na asipoifungua atamzika Fotunata, halafu baba yake Fotunata, halafu watoto wa shule ya Idunyula waliokuwa wakisinzia madarasani na sahani zao zimelambwa safi.

Halafu yeye mwenyewe. Hapo ndipo kila hoja yake ilipoharibika. Kila alipojiambia kwamba wengi ni bora kuliko wachache, ko, ko, ko, tumbo lake lilimkumbusha yeye yuko upande gani.

Wendelin alirudi siku ya tatu ya matanga. Aliingia moja kwa moja jikoni kwa dada yake, hajanyoa, tope hadi magotini, akasema habari za chupa amezisikia zahanati, akauliza kama ni kweli kuna chumba cha kioo.

Akamwambia ni kweli.

"Ujana wangu wote nimeumalizia chooni," akasema. "Umeshika mlango mara ngapi, dada, watu wasiingie? Nimetoka. Nimekaa na wanaume wenzangu, nimebeba mzigo, nimependwa. Sasa unataka nirudi ndani nikaangaliwe kama samaki?"

"Sijataka chochote, Wende."

"Basi taka!" Akapiga meza, kisha akauficha mkono ule kana kwamba umemwaibisha. Aliposema tena sauti ilikuwa ya chini. "Wale wengine. Wa Makete, wa Mbeya, wale uliowapa Mwashi kwa mikono yako. Umewauliza?"

"Sikuwauliza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu najua watakachojibu. Nikisikia, sitaweza."

Wendelin aliinama, akabandua tope magotini. Gaudensia alitamani atukanwe, apigwe hata. Angalau lingekuwa jibu.

"Fotunata alianguka jana kisimani," Wendelin akasema. "Nilikuwa nimejificha mgombani, nikamwona. Aliinuka, akajipangusa, akachota tena. Hakumwambia mtu." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo chupa."

*

Walikwenda shambani asubuhi iliyofuata. Ukungu ulikuwa mzito, na matone yalisikika yakidondoka ndani ya mbeta, huku na huko, kama mazungumzo ya watu wasio na haraka.

Gaudensia alivunja lakiri ya chupa. Mikono yake ilikuwa imara na alijichukia kwa uimara huo. Alikuwa amepanga kutia tone moja kwenye kila mbeta ya mstari wa juu, lakini Wendelin akamzuia. Akasema kazi hii ina utaratibu wake, na mposaji bado ni yeye. Akafungua mbeta kwenye shina la kwanza, akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwa dada yake. Gaudensia akatia tone. Halikuwa na rangi wala harufu. Wendelin akaitikisa kidogo, akainama, akaonja.

"Chungu kidogo," akasema. "Wakwe watalalamika."

Kisha akakunywa yote.

Akashika kisu chake, akakata ncha ya chipukizi la pili, akaonja mbeta yake na mdomo ule ule. Akaenda kwenye la tatu. Alizunguka shamba lote hivyo, bila kuimba, na Gaudensia akamfuata nyuma na chupa aliyojua haihitajiki tena, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Walipomaliza waliketi kwenye gogo karibu na kijito. Wendelin akapandisha shati, akamwambia dada yake asikilize. Gaudensia akabandika sikio na kufumba macho.

Ko. Ko. Ko. Fundi alikuwa kazini, hodari kama siku ya kwanza, hana habari.

"Bado yupo?"

"Bado yupo."

"Itaanza lini?"

Hakutaka kumdanganya. Akamwambia huenda wiki mbili, huenda chini ya hapo. Kwanza maumivu ya upande wa kulia, kama zamani. Halafu homa. Halafu ile nyingine. Wendelin akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa njia ya kijiji alichokulia. Hakusema atapambana, wala kwamba itakuwa heri. Akashusha shati, akalikunjua vizuri kiunoni.

"Fotunata asiniuguze," akasema. "Nitakapoanza, mrudishie baba yake ahadi yake, mwambie posa imevunjika. Akinenepa, ataolewa."

"Nitamwambia. Hatakubali."

"Najua." Alikuwa akiikunja na kuikunjua leso yake, ile iliyofungia bilauri. Kilichokuwa moyoni alikiambia kijito, bila kumwangalia dada yake. "Siogopi kufa, dada. Siogopi hata maumivu. Ni zile shuka. Mimi ni mtu mzima sasa. Watu wameniita fundi. Siwezi kuziona zimeanikwa uani, na watoto wanapita."

Gaudensia alikumbuka. Mama yao alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa huo huo, na yeye, msichana wa shule, aliamka giza halijatoka, akaziloweka shuka za mdogo wake kijitoni, hapa hapa, akazisugua kwa jivu hadi vidole vikafa ganzi, akazianika juu ya dari karibu na moshi wa jiko. Kijiji kizima kilidhani mtoto yule ana kifua tu.

Maji yalikuwa yakipita miguuni mwao kuelekea bondeni, kuelekea Makete, kuelekea vitanda vya watu ambao hawakuulizwa. Hakuwa na jambo la kuwaambia hao. Alikuwa na jambo moja tu, tena dogo, nalo lilikuwa la huyu mmoja. Akamshika mkono uliokuwa umeshika leso, akauzuia usikunje tena.

"Nitazifua mwenyewe, Wende. Kila moja, kabla hakujakucha, kwa mikono hii. Nitazianika ndani. Mpaka siku ile ya mwisho, hakuna mtu wa Idunyula atakayeziona."